Mafanikio ya Mpango wa Ongezeko la Dawa

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba, ndani ya wiki moja, hospitali yetu iliongeza dawa zake za maji mara kumi bila kununua hata tone. Mimi, Katibu wa Kamati ya Ongezeko, nilikuwepo. Nilishika mpira wa maji kwa mikono yangu.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi mwenyewe. Makao makuu yalitaka taarifa ya dawa zilizopo, na fomu yao ilikuwa na safu moja tu: lita. Haikuwa na safu ya ukali. Mkurugenzi aliigeuza fomu mbele na nyuma, akaguna. "Katibu, hawajauliza ukali. Sisi ni nani hata tuwajibu wasichouliza?"

Tukaanza na dawa ya kusafishia sakafu. Dumu moja likazaa kumi. Ikafuata dawa ya kikohozi, ambayo watoto waliipenda mno kwa kuwa haikuwa na ladha tena. Siku ya tatu tukaingia kwenye ganzi ya meno, na hapo ndipo tulipokutana na adui wa maendeleo.

Alikuwa mama wa chumba cha kuchanganyia dawa, ambaye kila mtu humwita Mama Vipimo. Amekaa na mizani yake miaka ishirini na minane, na ilibaki miezi minne astaafu. Nilimpelekea hati asaini kwamba dawa imeongezeka. Akavaa miwani.

"Bwana Katibu, chai yako unatia vijiko vingapi vya sukari?"

"Vinne."

"Nikiimimina chai hiyo kwenye ndoo, nikajaza maji hadi juu, utapata nini?"

"Chai nyingi," nikajibu, maana mtumishi wa umma haingii mitegoni kirahisi.

"Vijiko ni vilevile vinne, baba. Kilichoongezeka ni maji. Ganzi hii ilikuwa gramu mbili katika kila mililita mia. Mmeitia maji mara tisa, sasa ina gramu sufuri nukta mbili. Mtu atang'olewa jino huku anasikia kila kitu!"

"Lakini lita zimeongezeka?"

"Zimeongezeka."

"Basi saini hapo."

Hakusaini. Na kama vile hilo halitoshi, akachukua chupa moja ya ganzi ambayo mpira wetu haujaifikia, akaifungia kabatini, akatia ufunguo mfukoni.

Kamati ilikaa kwa dharura. Ilimkuta na hatia ya kuhodhi ukali wa umma. Nikamwandikia barua: asimamishwe kazi, asiguse chombo chochote, na asiposaini hadi Ijumaa afukuzwe. Aliisoma hadi mwisho, akavua miwani. Miaka ishirini na minane, akasema, na hajawahi kukosea hata gramu. Niliona aibu kidogo, nikanywa chai, ikapita.

Alhamisi, jino la Mkurugenzi likaamka.

Alikuja na shavu lililovimba pamoja na mpiga picha, ili umma uone anavyouamini mpango wake. Daktari wa meno akamchoma ganzi, akasubiri, akalishika jino kwa koleo. Ukelele ulisikika hadi mapokezi. Wagonjwa wawili waliokuwa kwenye foleni waliondoka mbio, nasi tukawaandika kuwa wamepona.

"Nyingine!" akalia Mkurugenzi.

"Mzee, nimeshakuchoma sindano nne," daktari akasema. "Kwa dawa hii zinatakiwa kumi, na shavu lako limejaa."

Nikatimua mbio. Nilimkuta Mama Vipimo kwenye benchi la nje, amekuja kurudisha koti lake la kazi.

"Mama, njoo na ile chupa!"

"Barua yako inasema nisiguse chombo chochote."

"Naifuta!"

"Futa kwa maandishi, mwanangu. Maneno yako nayajua."

Nikaandika kwa kuegemea goti. Akainuka taratibu, akaileta chupa, akasimama mbele ya kiti cha Mkurugenzi.

"Pole, mzee. Nikupe lita ngapi?"

"Kidogo!" Mkurugenzi alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili. "Kidogo, lakini kikali!"

"Na fomu je? Fomu inataka lita."

"Achana na lita, mama! Ukali ndio dawa!"

"Bwana Katibu," Mama Vipimo akaniuliza bila kugeuka, "umeandika?"

Nilikuwa nimeandika. Kanuni zetu ziko wazi: neno la Mkurugenzi likishaingia kwenye kumbukumbu ni agizo. Jino likatoka kimya kimya. Mkurugenzi alitaka kulifuta agizo palepale, lakini mdomo ulikuwa umekufa ganzi barabara, yakatoka mate tu, na mimi siandiki mate.

Makao makuu yalipopelekewa agizo hilo yalifurahi sana. Fomu ikaongezwa safu ya ukali, na zoezi la kuupima likaamriwa kwa idara zote, likianzia na utawala. Mpimaji akateuliwa Mama Vipimo.

Alikuja Jumatatu na daftari. Akahesabu watu: thelathini na wanane. Akauliza kazi inafanywa na nani. Macho yote yakamwelekea dada wa masjala, aliyekuwa akifanya kazi.

"Mmoja katika thelathini na wanane," akaandika. "Utawala huu umezimuliwa vibaya. Kuukoleza kuna njia mbili: kuongeza dawa, au kupunguza maji."

"Sasa mama," Mkurugenzi akauliza kwa upole ambao sijapata kuusikia, "mimi ni dawa au ni maji?"

"Tutachemsha, mzee. Kitakachobaki tutakijua."

Taarifa hii naiandikia nje ya geti. Dada wa masjala yuko ndani, na inasemekana mafaili yameanza kutembea. Mkurugenzi amekaa kando yangu, anapapasa pengo lake kwa ulimi.

"Katibu," ameniuliza sasa hivi, "jana hapa nje tulikuwa wangapi?"

"Hatukuwa hata mmoja, mzee."

"Na leo?"

"Thelathini na saba."

"Andika: tumeongezeka."