Cherehani Iliyoandikishwa kwa Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Kikao cha karakana yetu ya mtaa kimepitisha Kifungu cha Nne, nilichokiandika kwa mkono wangu: Mwenye kitu ndiye fundi wake. Anayeleta pasi, redio au simu iliyokufa atakaa mezani na kushika bisibisi mwenyewe, mbele za watu. Sisi wengine kuelekeza tu. Mwisho wa kubwaga vitu mlangoni na kwenda zako kana kwamba hapa ni kwa dobi!

Nilihutubia mpaka jasho likanitoka. Viwanda vinagandisha vitu kwa gundi ili tusione ndani. Asiyeweza kufungua kitu chake hakimiliki, amekodishwa tu! Makofi. Mpishi wa shule alisinzia, lakini yule husinzia hata akiwa amesimama.

Katibu, anayefundisha kompyuta na simu pale kona ya dirishani, akauliza kama mwenyekiti, yaani mimi, naye anabanwa na kifungu hicho. Mwanamke yule haulizi swali lisilo na ndoana. Nikamjibu kwamba mwenyekiti ndiye wa kwanza, tena akikwepa avuliwe cheo. Nikataka iandikwe hivyo hivyo.

Ikaandikwa.

(Tangu tufungue karakana sijatengeneza kitu kikapona. Si neno. Kazi ya kiongozi ni fikra.)

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ana sare za shule za kushona. Zinatakiwa Jumatatu asubuhi. Kutwa anakanyaga pedali ya cherehani. Roho ikaniuma. Karne hii, mtu bado anakanyaga! Nami ninayo mota ya blenda yetu, ile niliyoitengeneza mwaka jana ikabaki mota peke yake. Alipokwenda sokoni nikavua mkanda wa cherehani, nikafunga mota kwenye gurudumu. Akili ni mali!

Baadaye. Mota haina mwendo wa wastani. Nilipowasha, cherehani ilifyatuka kama punda aliyeumwa na nyigu. Ikashona kola, kitambaa cha meza na pindo la shati langu, nami nikiwa ndani ya shati. Kisha kah! Sindano vipande viwili. Gurudumu limegoma.

Nilijinasua kutoka mezani kwa mkasi. Mke wangu akarudi. Akatazama cherehani, akatazama shati, akatazama mota. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kujitetea. Alisema tu kwamba sare zisipofika Jumatatu, shule itampa kazi fundi mwingine, na yeye atakuwa na mwaka mzima wa kukaa hapa kunitazama. Nikamwomba aipeleke karakana, maana ni yake. Akasema aliyeivunja ana miguu. Yeye ana vifungo vya kushona kwa mkono.

Mimi! Mezani! Bisibisi mkononi, mbele ya Katibu!

Alhamisi, 6 Machi

Jana nilijifungia na cherehani. Nilifungua skrubu zote. Nilirudisha skrubu zote. Zimebaki tatu. Naamini hazikuwa na kazi tangu kiwandani. Nimezitia mfukoni.

Leo nikiwa naoga, mwanga! Mama mkwe! Hana cheo cha kupoteza, na kila Jumamosi yuko karakana kwenye somo la simu. Cherehani iandikishwe kwa jina lake. Atashika bisibisi, mimi nitasimama nyuma kama mkwe mwema. Wanachama watasogea, maana hakuna binadamu anayeona cherehani imefunguliwa asitie mdomo. Katika midomo yote hiyo, mmoja utakuwa na akili.

Nikamwendea na sukari na sabuni. Nikaketi mbali kwa adabu, nikaeleza kwamba ni suala la taratibu. Alinisikiliza ameinamia simu. Akauliza: kwa hiyo, baba, itaandikwa kuwa ni yangu? Nikasema kwenye karatasi tu, mama. Akarudia polepole, kama anayeonja chumvi. Yangu? Yako, mama.

Akanibariki sana. Sijabarikiwa hivyo tangu nioe.

Jumamosi, 8 Machi

Katibu kaja na kijiti cha kusimamishia simu. Eti ukarabati wote unarushwa moja kwa moja mtandaoni. Nikapinga: ufundi hukaa vitabuni na mikononi, si kwenye vioo! Wakaniambia nimeziba kamera.

Mama mkwe akaketi mezani. Nikaanza kuelekeza: legeza ile ya kushoto, mama. Akasema, mkwe wangu, nipishe mwanga. Kicheko. Akatoa simu, akatafuta video ya cherehani kama ile ile. Somo la wiki iliyopita hilo! Nililiandikia barua ya kurasa sita kulipinga. Akatazama, akasimamisha, akarudisha nyuma, akachokonoa. Mpishi wa shule akamshikia gurudumu, macho wazi mara ya kwanza mwaka huu. Chini ya sindano likatoka fundo la uzi kama kiota cha ndege, na ndani ya kiota, kifungo.

Katibu akakisogeza kwenye kamera. Kisha akalitazama shati langu. Nimevaa lile lile, sababu siku hizi nyumbani sifuliwi.

Mama mkwe akauliza kama kuna aliyeona skrubu tatu, maana video inaonyesha skrubu na yeye anaona matundu. Mfuko wangu ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Nikapiga chafya, nikainama, nikapaza sauti: hizi hapa sakafuni! Mpishi akasema sakafu ya karakana hii ina huruma sana.

Sindano mpya. Tik-tik-tik-tik! Shangwe! Sare zimepona!

Katibu akanyoosha mkono. Mwenye kifungo si ndiye mwenye cherehani? Na kama ndiye, mbona hakushika bisibisi? Alitaka cheo changu, mchana kweupe! Nikasimama. Robo saa nilinguruma. Daftari limeandikwa jina gani? La mama mkwe! Aliyeandikishwa ndiye mmiliki! Si mimi, si mke wangu, si jirani! Karakana hii haiendeshwi kwa minong'ono na vifungo!

Wakapiga kura. Nimeshinda, nimebaki mwenyekiti! Mkono wa kwanza kuniunga ulikuwa wa mama mkwe.

Kisha akaita mkokoteni, akapakia cherehani yake.

Jumapili, 9 Machi

Cherehani iko kwa mama mkwe. Mke wangu pia, maana fundi hufuata chombo. Nimepiga simu. Wanashona kwa zamu, sare zitaisha leo, niache kuwasumbua. Nikauliza cherehani itarudi lini. Mama mkwe akasema, baba, nitakurudishiaje mali ambayo ulimwengu mzima umekusikia ukisema si yako wala ya mkeo? Video anayo.

Imetazamwa na watu wengi kuliko waliowahi kunisikiliza maishani. Nami nimeitazama. Lazima niseme, naongea vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Sare zimefika shuleni, na shule imeongeza kazi. Mke wangu anabaki huko kwa sasa. Anasema kuna mwanga wa kutosha na hakuna mota.

Niko peke yangu. Joto kali. Feni ya mke wangu ya chumbani inazunguka kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Nimeitazama asubuhi yote. Mota ya blenda ipo, haina hata mkwaruzo.

Safari hii nimetanguliza akili. Haitaharibika, lakini ikiharibika sitakamatwa: nimepita karakana na kuiandikisha mapema.

Kwa jina la Katibu.

Nawasha.