Stanislausi Bichi, Bukima

Jumanne, tarehe 8 mwezi wa saba

Nimerudi kutoka Musoma na akili mpya. Nimeona watu wazima, wamevaa viatu, wanalipa hela ili wakae kwenye kiti watazame ziwa. Ziwa! Mimi nimelitazama miaka sabini na moja, bure. Nimemwuliza mlinzi wanapewa nini kingine. Akasema wanapewa mwamvuli. Basi.

Nilipofika Bukima nimemtangazia mke wangu Nyangi kwamba ule mchanga anapoanikaga dagaa sasa ni hoteli ya ufukweni. Akauliza dagaa waende wapi. Mwanamke huyu haonagi mbali.

Jumatano, tarehe 9

Jirani yangu Baltazar amecheka mpaka akatafuta pa kukaa. Wivu. Anajidai ana darasa la saba. La kwangu ni la nne la zamani, ambalo ni sawa na chuo cha sasa.

Wageni wa kwanza nimeshapata. Jumamosi wazazi wa Lameck, mchumba wa binti yangu Flora, wanatoka Butiama kuja kupanga siku ya harusi. Ni watu wa ng'ombe, ziwa wanalionaga kwa mbali. Baba yake, Mzee Chacha, akisema kitu Butiama kinasikika. Akiisifia bichi yangu, nimemaliza kazi.

Flora akapiga magoti. Akasema, "Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Siku hiyo vaa koti, ukae sebuleni."

Ana miaka thelathini na mbili na anasema uchumba wa kwanza niliuvunja mimi. Uongo. Waliouvunja ni nyuki, na hao nyuki nilimwuzia mkwe kwa nia njema.

Ijumaa, tarehe 11

Nimekwenda Bunda. Mnadani nimepata mwamvuli mkubwa wa wakala wa simu, umetoboka upande mmoja tu. Nimepata na kaptula ya mtumba ya kuogelea. Nyuma imeandikwa RIMINI. Muuzaji hakujua ni nani. Inapwaya, na kamba yake imeshikiliwa na uzi mmoja, lakini kwa mwili wangu itakaa.

Jioni nimechora kibao, nimekisimika barabarani: BICHI HUKU. Mshale unaelekeza njia ya matete, maana ile ya kupitia nyumbani ina choo cha Baltazar.

Jumamosi, tarehe 12

Siku kubwa! Wageni walisema saa saba. Saa nne nikatazama hoteli yangu. Mwamvuli upo. Mabenchi ya kanisa yapo. Kwenye maji hakuna mtu. Hoteli ya ufukweni isiyo na mtu majini ni sawa na duka lisilo na sukari. Nikamwomba Baltazar aoge kidogo. Akakataa, eti wakwe wanakuja. Nikamwambia nitaoga mwenyewe, nikisikia gari nyumbani natoka.

Ieleweke kwamba mila naijua. Kwetu mkwe haonwi akioga. Akionwa, uchumba unasimama mpaka wazee wakae, na wazee wakikaa hawasimamagi upesi. Lakini saa saba ilikuwa mbali.

Wakaja saa nne na nusu. Gari wakaliacha barabarani, wakafuata kibao changu kwa miguu, kimya kimya, kupitia matete. Wakatokea hatua kumi kutoka nilipo. Wanane, na Mzee Chacha mbele na fimbo yake. Nikashtuka. Uzi ukakatika. RIMINI akaondoka na mawimbi.

Nikazama, nikabakiza macho na pua.

Flora alikuwa amesimama karibu na mwamvuli ameshika sinia la soda, nikamwona anavyolitazama lile sinia, machozi yanadondokea kwenye chupa. Lameck naye kichwa chini. Nyangi alinitazama vile alivyonitazama mwaka wa nyuki.

Mzee Chacha akageuza uso taratibu kuelekea mlimani. Akamsogelea Flora, akampokea sinia. Kisha akasema kwa sauti ya kikao:

"Mmemwona yule kiboko? Mkubwa, na mzee. Tuondokeni hapa kabla hajatukasirikia. Baba wa binti yuko wapi?"

Flora akajibu mbio kwamba baba amesafiri, yuko Bunda.

"Basi tutaongea na atakayekuwepo," akasema Mzee Chacha.

Aliyekuwepo ni Baltazar!

Nimekaa kwenye matete mpaka saa kumi na moja, nimejifunika gunia la dagaa. Baltazar amekalia kiti changu. Amekula kichwa cha sato changu. Amesoma hotuba yangu, niliyoiandika mimi siku tatu, na watu wakapiga makofi. Harusi ni mwezi wa kumi na mbili. Flora alicheka mpaka nikamsikia kule nilikokuwa.

Jumapili, tarehe 13

Kanisani kila mtu ananisalimia kwa kunipa pole ya safari ya Bunda. Flora ameniletea uji kitandani, akaniomba nisifanye chochote mpaka harusi ipite. Nimemwitikia. Kuitikia si kukubali.

Jumatatu, tarehe 14

Nimewaza usiku kucha. Bichi haikukosea. Ilikosa kivutio! Mzee Chacha ameshatangaza Butiama nzima kwamba Bukima kuna kiboko mkubwa, na Mzee Chacha hawezi kuitwa mwongo. Nimefuta kibao, nimeandika upya: KARIBU UONE KIBOKO, SAA NNE NA SAA KUMI.

Baltazar ameuliza kiboko nitamtoa wapi. Nimemwambia pua ninayo, macho ninayo.

Watu wameshaanza kuomba nafasi. Wa kwanza ni kwaya ya akina mama kutoka Butiama, wanakuja Jumamosi. Kiongozi wao ni mke wa Mzee Chacha. Nimewapangia saa nne, maji yanakuwaga safi, mtu anaona mpaka chini.