Mkia wa Hotuba

Idara ya Sauti za Umma inawatangazia wananchi wote kwamba, kufuatia uchunguzi wa kina wa Kamati ya Usikivu, imethibitika bila shaka kuwa sidii zilizopakwa dhahabu hutoa sauti safi kuliko sidii za kawaida. Uchunguzi wenyewe utafanyika Alhamisi.

Tangazo hilo lilibandikwa ukutani Jumatatu na hakuna aliyeona kasoro. Katika Idara ile kumbukumbu za kikao huandikwa kabla ya kikao, ili wajumbe wasipotee njiani. Karani alikwisha kuandika kwamba wajumbe walitikisa vichwa kwa mshangao, akaacha nafasi tu ya kujaza saa waliyotikisa.

Aliyelisoma hadi chini ni fundi wa sauti peke yake, mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Waya. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa kuwa dhahabu ikishapitishwa, sidii zote za kawaida zilizoko ghalani zitapelekwa kwenye mashine ya kusaga plastiki. Ghala lile alilipanga yeye, miaka kumi na tisa. Humo mlikuwa na sauti za wakunga, za wachimba visima, za vikongwe waliohojiwa wakiwa wamebakiwa na jino moja na sasa wako chini ya udongo. Na kwenye rafu ya nne alikuwamo mama yake mzazi, akisalimia redioni watu arobaini kwa majina, kwa pumzi moja.

Akaenda kwa Mkurugenzi.

"Bosi, hiyo dhahabu nimeipima. Sauti ni ile ile."

"Umeipima kwa nini?"

"Kwa masikio."

"Hapo ndipo ulipokosea, mama. Jambo hili ni la kitaalamu." Mkurugenzi akaegemea kiti. "Wewe andaa sidii mbili, ya dhahabu na ya kawaida, hotuba yangu ya kufungua jengo. Waziri mwenyewe anakuja kusikiliza. Na usikate kitu. Dhahabu ibebe yote, hata kikohozi."

Ieleweke kwamba kila hotuba ina mkia. Mkubwa akimaliza kusema husahau kuwa kipaza sauti bado kiko wazi, akaendelea kupiga soga na aliye karibu naye. Kazi ya Mama Waya, ambayo haikuandikwa popote, ilikuwa kukata mikia. Aliikata yote, na yaliyokuwemo hakumwambia mtu, hata dada yake, ingawa dada yake alimbembeleza sana.

"Hata mwisho wa hotuba, bosi?"

"Hasa mwisho."

"Mwisho kabisa? Baada ya makofi?"

"Mama, unaniuliza kama unafundisha chekechea. Yote."

"Basi niandikie. Mimi siku hizi msahaulifu."

Akamwandikia, akagonga muhuri. Akagonga tena, maana wa kwanza ulitoka hafifu.

Alhamisi wajumbe saba waliketi, Waziri mbele yao kwenye kiti chenye mto. Kanuni zikasomwa: sidii zote mbili zitasikilizwa mwanzo hadi mwisho, wala mashine haisimamishwi kwa sababu yoyote.

Dhahabu ikaanza. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa mshangao. Saa nne na dakika kumi, karani akajaza.

"Unasikia hiyo?" mjumbe mmoja alimnong'oneza jirani yake. "Maneno yana mafuta."

"Mimi nasikia mpaka rangi ya tai yake."

Makofi yakaja, yakaisha. Halafu ikatoka sauti ya Mkurugenzi tena, ya mtu aliyelegeza mkanda.

"Shemeji, usihofu. Najua hizo sidii zako ni rangi tu, lakini zitapita. Waziri? Yule mwekee mlio wa kinu cha kusaga unga, umwambie ni kinanda, atakuuliza nani anapiga."

Karani akaacha kuandika. Kwenye kumbukumbu zake, hapo palikuwa na mapumziko ya chai.

"Zima," alisema Mkurugenzi.

"Kanuni, bosi," alisema Mama Waya kwa upole.

"Kweli, bado ya kawaida," alisema Waziri. "Weka, mama."

Nusu saa nzima hakuna aliyepiga miayo. Hakuna hotuba ya Mkurugenzi iliyowahi kusikilizwa kwa makini namna ile. Mkia ukafika, neno kwa neno.

Waziri akageuka. "Mkurugenzi, wewe ndiye mtaalamu. Ipi imesikika vizuri zaidi?"

"Mheshimiwa, ile ya dhahabu, pale mwishoni, ilikuwa na mkwaruzo. Mimi sikusikia vizuri."

"Kwa hiyo dhahabu ni mbovu."

"Hapana, hapana. Dhahabu inasikika kabisa."

"Kwa hiyo ulisema ni rangi tu."

Mkurugenzi akafuta shingo kwa leso. Karani alikuwa amemwelekezea kalamu.

"Hakuna tofauti, mheshimiwa," alisema. "Zote ni sawa."

Ikapitishwa kwa kauli moja, wajumbe wakitikisa vichwa vile vile. Ghala lisiguswe, sidii za dhahabu zirudishwe kwa shemeji, na Mkurugenzi azibebe mwenyewe.

Mama Waya alikuwa anakunja nyaya Waziri alipomsogelea, akamwinamia sikioni.

"Mama, nisaidie. Kile kinanda, mbona mimi sikukisikia kwenye zote mbili?"

Mama Waya akamtazama juu ya miwani.

"Mpigaji hakufika siku hiyo, mheshimiwa."

"Ahaa," alisema Waziri, akatoka ameridhika.