Kozi ya Kusikiliza Muziki Iliyofunguliwa Kitengela

Mumias, tarehe tisa Agosti 2009. Ni miaka kumi na moja tangu niondoke Kitengela. Nyumba tulizokuwa tumepanga nyuma ya soko zilibomolewa, na kila mmoja akaenda alikokuwa na mtu wa kumpokea. Mimi nilikuwa na binti huku.

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi moja ya Mei 1998, katika ukumbi uliokuwa karibu na soko hilo, na Bwana Bedan Gitonga, aliyekuja kutufungulia kozi ya utangulizi ya kusikiliza muziki na kuandika juu yake. Jirani yangu Ruqia, muuza vitambaa, alikuja na redio kaseti yake, kwa kuwa alidhani siku hiyo ndiyo ya somo la kwanza. Mama yake alikuwa ametoka Wajir kuja kutibiwa macho, na Jumatatu angerudi na lori la mifugo. Mama huyo alizijua nyimbo za kunywesha ngamia kisimani, ambazo Ruqia alikuwa amezisikia tangu utoto bila kuzisikiliza. Alitaka kufundishwa namna ya kuzisikiliza na kuziandika kabla lori halijaondoka. Ndiyo maana alikaa mstari wa mbele, mama yake kando yake, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Yaliyomo humu nimeyaandika kutoka kwa kaseti hiyo, na kelele za watu nimeziacha mahali pake.

*

Bwana Mkuu wa Tarafa, anayewakilishwa hapa na karani wake; karani huyo, anayewakilishwa na koti lake pale kwenye kiti cha mbele, Chifu wetu, manaibu wa Chifu wetu, wazee wetu wa Kimaasai, sopa. (Wazee: Epa.) Viongozi wa dini, waliofika na walio njiani, wenye ploti, wapangaji, na wale ambao bado hawajui wako upande gani, wafanyabiashara wa mbuzi, wa mawe na wa vitambaa, wageni wetu kutoka Rongai, kama wapo (Sauti: Wako kwa jam.); mabibi na mabwana; na watoto mlioketi dirishani, ambao nawaomba mshuke. (Hawakushuka.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wakubwa wangu wameusifu mara kadhaa na kwa maandishi, ili kutangaza rasmi kwamba, baada ya vikao vingi vya mashauriano baina ya stakeholders wote, vikao ambavyo mimi mwenyewe niliviongoza, na ambavyo katika viwili kati yake nilikuwa ndiye mhudhuriaji pekee, Kitengela imechaguliwa kuwa mahali pa kwanza, narudia, pa kwanza, katika wilaya nzima ya Kajiado, kupokea Kozi ya Utangulizi ya Usikilizaji wa Muziki na Uandishi Unaohusiana Nao. (Makofi.) Hayo makofi ni ya robo. Nawaomba makofi ya kilo. (Makofi ya kilo.)

Ndugu zangu, kwa nini usikilizaji? Utafiti wetu, ambao ni wa kisayansi, umeonyesha kwamba asilimia tisini na tisa nukta mbili ya wakazi wa wilaya hii wana masikio. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni data. Lakini kati ya masikio hayo, zaidi ya nusu hayajawahi kutumika kulingana na uwezo wake. Mwananchi anasikia wimbo, unampendeza, anaendelea kukamua ng'ombe. Hakuna ripoti. Hakuna feedback. Wimbo umepita, na ofisi haijui kama ulipita. Hali kama hiyo haiwezi kuvumiliwa na wilaya inayoelekea karne ya ishirini na moja, na mimi nilipoiona, sikulala. Nililala kidogo, lakini sikulala vizuri.

Kwa hivyo tumebuni framework. Chini ya framework hiyo kutakuwa na kituo cha kisasa chenye vyumba vitatu: chumba cha kusikilizia, chumba cha kuandikia, na chumba cha kusubiri kusikiliza. Chumba cha kusikilizia kitakuwa na zulia ukutani. (Sauti: Ukutani?) Ukutani, ndiyo, ili sauti isitoroke. Kutakuwa na spika mbili, moja kwa kila sikio, na viti ambavyo mtu akikaa anajikuta ameelekea mbele. (Ndulu, mwashi wa mawe, kutoka nyuma: Mheshimiwa, misingi ya hapa yote huchimba ni mimi. Huu wako uko wapi?) Swali zuri. Msingi wa kituo hiki, mzee wangu, ni wananchi wenyewe. (Ndulu: Basi mtatukanyaga. Kicheko kirefu.)

Tuendelee. Silabasi yetu imepangwa katika awamu. Awamu ya kwanza ni uhamasishaji, ambao ndio huu. Awamu ya pili ni tathmini ya uhamasishaji. Awamu ya tatu ni capacity building ya wale watakaofanya tathmini. Muziki wenyewe utaingia katika awamu ya nne, kwa utaratibu, maana muziki ukiingizwa ghafla unaweza kuleta watu wakaanza kucheza, na kucheza hakumo katika bajeti. (Ruqia anainua mkono.) Naona mkono wa mama pale mbele. Mama, utulie, maswali yana muda wake. (Ruqia: Mheshimiwa, ni moja tu. Mimi niko na mama yangu hapa, anajua nyimbo za kunywesha ngamia, na Jumatatu anaondoka. Hiyo awamu ya nne ni leo ama kesho?)

Huyo ndiye mwananchi tunayemtaka. Naomba apigiwe makofi. (Makofi.) Mama, nyimbo za mzazi wako ni hazina ya taifa, na ofisi yangu imezizingatia tangu sasa hivi. Naomba tu avute subira katika kuondoka kwake. (Ruqia anamtafsiria mama yake. Mama anasema maneno machache.) Amesemaje? (Ruqia: Amesema mwenye lori hajui awamu. Kicheko.)

Basi, kwa kuwa mimi ni mtu wa vitendo, na hili nalisema bila kujisifu ingawa ningeweza, nitawapa leo hii kionjo cha somo lenyewe, mbele ya mashahidi. Tegeni masikio. Msikilizaji aliyefunzwa hujiuliza maswali matano. Moja: ni nani anayesikika? Mbili: anatumia chombo gani? Tatu: mwendo wake ni wa namna gani? Nne: ni kitu gani kinachorudiwa? Tano, na hili ndilo gumu, ni la chuo kikuu: kikinyamaza, kinaacha nini? Mkiyajibu hayo kwa maandishi, ndugu zangu, mmeandika juu ya muziki, na hakuna mtu wa Nairobi atakayekuja kuwaambia lolote. (Ruqia anahesabu maswali kwa vidole.)

Sasa sampuli. Nina hapa kaseti ya muziki wa asili, iliyorekodiwa na maafisa wangu huko Mashuuru, katika mazingira magumu sana ya barabara, mnakumbuka mvua iliyotupiga. Mtasikia kwanza sauti za akina mama, kisha njuga. Huyu kijana aweke. (Kaseti inawekwa kwenye redio ya ukumbi. Mkwaruzo. Kisha sauti ya Bwana Gitonga mwenyewe, kutoka kwenye kaseti: “...kwamba Mashuuru imechaguliwa kuwa mahali pa kwanza, narudia, pa kwanza, katika wilaya nzima ya Kajiado. Hayo makofi ni ya robo. Nawaomba makofi ya kilo.”)

(Makofi ya kilo ya watu wa Mashuuru. Na ukumbi wetu wote, kwa mazoea ya mikutano, ukapiga makofi ya kilo pamoja nao, ukamaliza hadi pigo la mwisho, ndipo watu wakatazamana.)

Eeh, hiyo ni utangulizi. Njuga ziko upande wa pili. Kijana, geuza. (Kaseti inageuzwa. Sauti ileile: “...chumba cha kuandikia, na chumba cha kusubiri kusikiliza. Wananchi wa Kware, nyinyi ndio wa kwanza...” Ndulu: Mheshimiwa, sisi ni wa kwanza wa ngapi? Kicheko kisichokatika kwa muda.)

Zima. Nimesema zima, ahsante. Ndugu wananchi, hitilafu za kiufundi ni jambo la kawaida katika pilot phase. Hata hivyo, nawaambieni kwamba hakuna kilichopotea. Sauti ni sauti. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kutumia sampuli yoyote. (Ruqia: Basi nijibu?) Ujibu nini, mama? (Ruqia: Yale maswali matano. Umesema sampuli yoyote.) Haya, mama ajibu. Sisi si watu wa kuzuia elimu.

(Ruqia anasimama, anarekebisha buibui yake. Nayaweka maneno yake jinsi yalivyo kwenye kaseti. Ruqia: Anayesikika ni wewe, Mheshimiwa. Chombo ni mdomo, hakuna kingine nilisikia. Mwendo ni wa mtu anatembea na hataki kufika. Kinachorudiwa ni ile “wa kwanza”. Hiyo ya tano, kikinyamaza kinaacha nini, hiyo sijui bado. Hujanyamaza.)

(Hapa kaseti haisikiki vizuri kwa kicheko. Hata koti la karani lilianguka kitini. Mama wa Ruqia, aliyepata tafsiri baada ya wengine kucheka, alicheka peke yake mwishoni, na watu wakacheka tena kwa sababu yake.)

Vizuri sana. Vizuri sana, mama. Mimi si mtu wa kukasirika. Mimi ni mtu wa matokeo. Na haya ni matokeo. Mmemwona wenyewe: mwananchi wa kawaida, muuza vitambaa, ameingia humu saa nane bila elimu ya usikilizaji, na kabla ya saa kumi amejibu maswali manne kati ya matano. Hiyo ni asilimia themanini. Kozi yetu, kwa hivyo, imekwisha kutoa mhitimu wake wa kwanza, na kwa kuwa ndiye mwanafunzi pekee aliyetahiniwa, kiwango cha kufaulu cha Kitengela ni asilimia mia moja. Nitaliandika hilo kwenye ripoti yangu, na mtalisoma. (Sauti: Wapi?) Kwenye ripoti. (Ruqia: Na mwalimu, Mheshimiwa? Mimi nimejibu kwa utani tu. Mama akiimba kesho nitajua nisikilize wapi?)

(Bwana Gitonga alinyamaza kidogo. Kwenye kaseti ni kimya kifupi, lakini kipo.)

Mama, usikilize yale yanayorudi. Ndivyo nilivyoambiwa mimi kwenye semina. Usikilize yanayorudi, na yale ambayo hayarudi uyaandike kwanza. Tuendelee.

Kwa kumalizia, maana muda si rafiki, nina kaulimbiu ambazo naomba mzipokee kwa sauti moja. Sikiliza leo, andika kesho. (Sikiliza leo, andika kesho.) Kajiado yenye masikio, Kajiado yenye maendeleo. (Kajiado yenye masikio, Kajiado yenye maendeleo.) Sikio moja. (Ndulu: Na lile lingine? Kicheko.)

Nabaki na shukrani. Namshukuru mwenye ploti, ambaye angetupa mahali pa kujenga kituo kama tungemwomba. Namshukuru mkandarasi, ambaye hatujamtafuta, kwa kutotusumbua. Namshukuru kwa namna ya pekee mwalimu wa kozi hii, popote alipo, na yeyote atakayekuwa, kwa sababu hajaajiriwa na bado hajalalamika. Nawashukuru wakubwa wangu, ambao watakaposikia kwamba kozi hii ipo, naamini watafurahi. Nawashukuru wananchi wa Mashuuru. Samahani, wa Kitengela. Na kwa kuwa utaratibu wetu unataka ufunguzi mmoja tu kwa kila mahali, na wenu mmekwisha kuupata, naomba msiweke viti vya kuningojea Jumamosi ijayo wala ile nyingine. Sitarudi. Asanteni, na Mungu awabariki. (Makofi, ya robo.)

*

Kesho yake, Jumapili asubuhi, Ruqia aliniletea kaseti akaniomba niandike hotuba yote upesi, maana alitaka kuitumia kaseti hiyo mchana. Nikamwambia nitamnunulia nyingine, kaseti hazijaisha Kitengela.

“Hapana, Mzee, nataka hii hii,” alisema. “Huyo alikalia nafasi ya mama. Sasa mama akalie yake.”

Niliandika hadi mkono ukaniuma. Mchana mama akaimba, ameketi kwenye kitanda cha Ruqia, akigonga bakuli tupu mahali ambapo kisimani kungekuwa na ndoo inayopokezanwa. Ruqia alikuwa sakafuni na kalamu. Alisikiliza yanayorudi, yasiyorudi aliyaandika kwanza. Sijui Bwana Gitonga aliipata semina gani, lakini neno hilo moja lilifaa. Jumatatu lori liliondoka. Mama hakuja tena kusini. Aliaga dunia huko Wajir kabla ya mwaka kwisha.

Ruqia alinitumia nakala ya kaseti nilipokwisha kuhamia huku. Upande wa pili mama alichoka kabla kanda haijaisha, kwa hivyo mwishoni kuna kipande ambacho hakikufutika. Mama ananyamaza, kuna mkwaruzo, kisha Bwana Gitonga anasema wasiweke viti, na kwamba hatarudi. Wajukuu wangu hucheka hapo kila mara, nami huwaacha wacheke.

Ruqia bado hunipigia simu. Ana duka kubwa sasa upande wa barabara ya Namanga, na huniambia nije nilione, na kwamba pale tulipokuwa tukikaa pamejengwa, siwezi kupajua. Mwezi uliopita aliniuliza tena kama nitakuja, nikamjibu waziwazi, maana hapendi mtu wa awamu. Kitengela sitarudi.