Mshale Unaopita Kwenye Sauna Yangu

Mtaa wa Pili, Mikkola, Michigan
14 Julai

Kwa Bi. Rosalind Trevarrow,
Mchora Ramani, Halmashauri ya Mji

Mheshimiwa Bibi,

Pokea salamu za fundi viatu aliyeanza na nyundo moja, na leo ana duka, nyumba na sauna ya kuogea mvuke, vyote kwa jasho lake. Ramani yako mpya ya watalii ni nzuri. Tatizo ni mstari mmoja.

Jina "Maporomoko ya Kapteni" lilikosa nafasi msituni, ukaliandika pembeni na kuvuta mshale hadi kwenye maji. Wewe na mimi tunajua mshale ule unabeba jina tu. Watalii wanadhani ni njia.

1. Mshale una sentimita tisa. Kwa kipimo chako hizo ni mita 360, na mita 38 ni zangu: mlango wa mbele, meza ya gundi, jiko la mke wangu, mlango wa nyuma, sauna. Tangu Juni wamepita watu 212. Aliyenunua hata kamba za viatu ni mmoja.

2. Nikiwazuia wananionyesha karatasi. "Mzee, ramani inasema tupite hapa." Nikamwambia mmoja, "Mwanangu, huo ni ukuta." Akautazama ukuta, akaitazama ramani, akaniuliza ukuta umejengwa lini.

3. Jumamosi moja mwezi uliopita mama mkwe wangu, Bi. Lempi, miaka 81, alikuwa kwenye mvuke kama alivyozaliwa. Mlango ukafunguliwa: watu sita na mbwa. "Samahani bibi, maporomoko ndiyo haya?" Akafoka, "Ingieni au tokeni, mvuke unaisha!" Wanne wakaingia. Tangu siku hiyo hataki kukanyaga sauna, na bila mvuke nyonga zimemkaza. Wiki ya tatu hii tunamwinua kitini watu wawili.

4. Najua nakala 4,000 zimeshachapwa. Basi kama karatasi haibadiliki, ardhi ibadilike: nichimbieni handaki la mita 38 chini ya nyumba, lenye taa. Ikishindikana, hamishieni maporomoko dukani kwangu, ili wanaofika walau wawe wamefika.

Mtu mzima, Bibi, hachori mstari bila kuuliza unapita juu ya nani.

Nisalimie mumeo, na wote ofisini, hata yule aliyenijibu kwenye simu, "Ni mshale tu, mzee."

Wako mwenye milango iliyochoka,
Onni Kettunen

N.B. Naambatanisha kadi ya harusi ya binti yangu Kaisa, Jumamosi ijayo, wageni 140. Ramani iliyo nyuma nimeichora mwenyewe. Jina la kanisa lilikosa nafasi, nikaliandika pembeni na kuvuta mshale. Unapita sebuleni kwako. Tafadhali usifunge milango.