Pundamilia Wangu na Maji ya Mama Mkwe

Leo nimeaibika Igamba, na ushahidi uko tumboni mwangu.

Kazi yangu mnaijua. Hapa Tunduma nafuga samaki pundamilia, wale wadogo wenye mistari, tunaowatumia kupima sumu kwenye maji. Mayai yao ni angavu kama kioo, unaona hadi moyo ukidunda ndani. Maji yakichafuka, wao ndio wa kwanza kulalamika. Nawaamini kuliko baadhi ya ndugu zangu (samahani, ndugu).

Sasa kule Igamba, kijijini kwa mchumba wangu, watu wanaoshea mtoni mabomba ya kupulizia dawa ya kahawa. Nikaona hii ndiyo nafasi. Niwaonyeshe hatari yake, na hapohapo mama mkwe mtarajiwa, Mama Neema, ajue binti yake kapata mtaalamu! Nikampigia mwenyekiti wa kijiji. Naye akatangaza kwa spika: "Mtaalamu analeta pundamilia!"

Jamani, kijiji kizima kilifika. Nikafunua ndoo.

"Yuko wapi huyo pundamilia?" akauliza bibi mmoja wa mstari wa mbele.

"Ndio hawa, bibi."

"Yaani nimeacha palizi yangu nije kuangalia dagaa kapenta?"

Wakacheka. Sikutetereka (mimi tena!). Nikaweka chupa mbili kubwa mezani. Moja nikajaza maji ya mto. Ya pili nikaomba maji safi, na Mama Neema mwenyewe akayaleta, amepiga goti. Nikagawa samaki, nikapaza sauti: "Angalieni! Maji yatakayoua samaki, hayo ndiyo yenye sumu!"

Nikaendelea kuhutubia, mgongo kwa chupa, uso kwa wananchi. Nimefika patamu kabisa, mwenyekiti akanigusa bega. "Mtaalamu, hebu geuka."

Wa mtoni wanacheza. Wa Mama Neema wanaelea, matumbo juu. Wote!

Bibi yuleyule akadakia: "Kumbe sumu iko kwa Mama Neema!"

Nikainusa ile chupa. Dawa ya kutibu maji, inapiga puani! Mimi nilitaka ya kisima. Kwake yeye, maji safi ni ya kunywa, yaliyotiwa dawa. "Mgeni mwenyewe mkwe," akasema, machozi yanamlengalenga, "nikaongeza kidogo."

Nikaeleza kwamba dawa ile inaunguza mashavu ya samaki lakini mtu haimdhuru, na kwamba mvua ya jana imezimua sumu ya mto. Nani anasikiliza? Wameshaanza kuambiana bora wanywe ya mtoni. Hapo niliogopa kweli.

Mama Neema akaniletea jagi. "Kama hayana sumu, kunywa, baba."

Nimekunywa. Jagi zima. Kijiji kimenizunguka, wanasubiri nielee. Mwishowe bibi akainama, akanichungulia usoni, akatangaza: "Anapumua. Maji ni mazima, twendeni."

Naomba msicheke. Utafiti umefaulu, ila pundamilia alibadilishwa.