Kata Moja ya Ulanzi

Mwaka 1954, Serikali ya Kalenga, yaani Jumbe Liberatus na tarishi wake Didas, ilitangaza kuwa Mau Mau hawatavuka Mto Ruaha. Huko Kenya watu walikuwa wakiapishana kwa chombo kimoja ili wamfukuze Mzungu. Kwa hiyo, kwa mhuri wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya ya Iringa, watu wawili wasinywe kwa kata moja, kibuyu kile cha kunywea. Atakayevunja, hata awe nani, akamatwe.

Watu wakaitikia amina, kwa mazoea.

Tangazo la pili lilisema Keya, jeshi la Mwingereza, wanataka vijana wakapigane huko huko Kenya, na Jumbe ameshawaahidi. Lori litakuja Alhamisi.

Matilda, muuza ulanzi, pombe ya mianzi, alisikia jina la Edmund wake likisomwa, naye ndiye mwana pekee aliyebaki. Kaka yake Edmund walimpeleka vitani Burma. Iliyorudi ni kofia. Sasa, kwao kijana haendi vitani mpaka mama aonje ulanzi, kisha mwana anywee kata ile ile. Asiyenywa ameondoka na kinyongo cha mama, na risasi hupenda kinyongo.

Alhamisi lori likafika na Bwana Shauri wake, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Vijana wakasimama wima. Hakuna aliyepanda kabla ya kunyweshwa.

"Mama Edmund, mnyweshe mtoto twende," Jumbe akasema.

"Kwa kata ipi, Jumbe?"

"Hiyo hiyo uliyoshika."

"Mimi na yeye tutakuwa wawili. Mjane mimi, baba, Umau Mau nitauweza wapi?"

"Leo nakuruhusu."

"Kesho je? Hebu anza wewe mkubwa wetu, tuone kama sheria inameza."

Kina mama wakaguna kwa heshima kubwa. Bwana Shauri akatazama saa. Jumbe akaichukua kata, akavuta funda refu, akamnyooshea Edmund. Edmund akaficha mikono mgongoni, mtoto mtiifu kwa sheria. Kata ikabaki hewani. Bwana Shauri, koo limemkauka, akaona amekaribishwa. Akaipokea, akaimaliza, akasema asante.

Didas akasogea na rungu lake.

"Jumbe, nisamehe. Wawili, kata moja."

"Didas, wewe ni mjinga?"

"Hata awe nani, ulisema. Na umemwapisha Mzungu, Jumbe. Hilo hata Kenya sijasikia."

Lori likageuka na abiria wawili, na Didas nyuma akiwalinda. Matilda akamtuma Edmund mianzini akakinge ulanzi mwingine. Jioni simu ikapigwa Mbeya, makao ya jimbo: operesheni ya Kalenga imefaulu, Mau Mau wawili wamekamatwa, mmoja ni Mwingereza.